Jinsi ya Kutumia Neno "flabbergasted"

Kivumishi cha Kiingereza "flabbergasted" humweleza mtu aliyeshangaa hadi akapigwa na butwaa, na kwa hiyo hakifai kwa mshangao mdogo. Ukichelewa kwenye foleni ya Ubungo huwezi kujieleza hivyo, kwa kuwa foleni hiyo umeizoea, lakini ukirudi Kariakoo kununua kitenge ulichotajiwa jana kwa shilingi 15,000, ukaambiwa leo ni 40,000, nawe ukabaki umekishika upindo bila neno la kujibu, hapo ndipo linapostahili: "I was flabbergasted at the price." Baada yake hufuata "at" au "by", na mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza.

Kosa ninalolisikia mara nyingi kwa wanafunzi wangu, na ambalo hunisikitisha kwa sababu kulirekebisha ni rahisi, ni kutanguliza "very". Maana ya neno hili tayari imefika kileleni, kama vile sisi tusivyosema mtu "amepigwa na butwaa kidogo"; ukitaka kulitilia nguvu, tumia "absolutely" au "completely". Tena, anayeshangaa ndiye "flabbergasted", ilhali jambo lililomshangaza ni "flabbergasting", umbo ambalo hutumika kwa nadra.

Ingawa asili yake katika maandishi inafika mwaka 1772, neno hili bado ni la mazungumzo. Katika barua ya maombi ya kazi au taarifa ya ofisi, andika "astonished".