Namna ya kuokoa historia ya klabu yenu, kuanzia picha moja ya kikosi

Ninatunza kumbukumbu za klabu moja kongwe ya mtaani hapa Tanga. Hatua hizi nimewaandikia makatibu na wanachama ambao klabu zao zina umri mkubwa, nyaraka zimetawanyika majumbani mwa watu, na wazee wanatutoka mmoja mmoja. Fedha nyingi hazihitajiki. Tafuta simu yenye kamera nzuri, daftari, penseli laini, na muda wa kukaa na watu.

Hatua ya 1: Anza na wazee, vikombe vitasubiri

Kikombe kilichokaa kabatini miaka 40 kitakaa mingine. Andika orodha ya walio hai: wachezaji, makocha, makatibu, lakini pia dereva wa lori lililobeba timu, mama aliyepika kambini na aliyefua jezi. Ipange kwa umri na afya, umaarufu uweke kando.

Usiende ukasema, "Mzee, tuambie historia ya klabu." Swali hilo ni zito, atakujibu kwa hotuba. Nenda na picha ya kikosi, mpe shikamoo yake, kaa, mwekee picha mkononi, kisha nyamaza.

Tulikuwa na picha ya wachezaji 11, na pembeni mtu ameshika ndoo. Mzee wetu mmoja, beki wa zamani, aliweka kidole juu ya kila uso akataja kumi. Wa kumi na moja akakwama. Tukaipeleka kwa bibi aliyekuwa akifua jezi. Hakuangalia nyuso, aliangalia miguu. "Huyu ndiye aliyekuwa akizungushia kamba za viatu kifundoni mara mbili, nikimgombeza kwamba atanikatia soksi." Akamtaja jina, la baba yake, na mtaa aliokaa. Kisha akagusa mtu wa ndoo: alikuwa marehemu mumewe. Miaka yote tulikuwa tukiichapisha picha ile na kumkata pembeni.

Hatua ya 2: Rekodi vizuri

Omba ruhusa kwanza, na ueleze sauti itatumika wapi. Akisema jambo fulani libaki kati yenu, libaki. Zima mtandao wa simu ili isiite katikati, zima feni na redio, rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize. Anza kwa kutamka tarehe, mahali na majina ya waliopo. Saa moja inatosha. Ukiona anachoka, rudi siku nyingine.

Mwaka haukumbukwi kwa tarakimu. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha (1967) au baada? Mzee Karume alikuwa hai (aliuawa Aprili 1972)? Ni kabla ya vita vya Kagera (1978–79)? Mwalimu alikuwa hajang'atuka (1985)? Kwa maswali manne ya namna hii nimewahi kupunguza "zamani sana" ikawa misimu miwili.

Hatua ya 3: Majina yakamilike

Fuata mtindo wa magazeti yetu: waliosimama kutoka kushoto, waliochuchumaa kutoka kushoto. Kwa kila mtu andika jina lake, la baba, la utani, na nafasi aliyocheza. Jina la utani lisiachwe, maana mara nyingi ndilo pekee uwanja mzima ulilijua. La ukoo nalo peke yake linapotosha. Kina Manara walikuwa ndugu watatu, Kitwana, Sunday na Kassim, na wote wameichezea Yanga. Ukikuta kumbukumbu inasema "Manara kafunga", hujajua bado ni nani aliyefunga.

Hatua ya 4: Picha zenyewe

Hapa nilikosea vibaya. Albamu za zamani zenye gundi na karatasi ya nailoni juu hushika picha kwa unyevunyevu wa pwani. Nilijaribu kubandua moja kwa kisu, na uso wa kipa ukabaki kwenye nailoni. Familia ilikuwa na picha hiyo moja tu ya baba yao.

Kwa hiyo iliyoganda usiibandue. Ipige humo humo albamuni, mchana, karibu na dirisha lakini nje ya jua, simu ikiwa sambamba na picha. Zilizo huru zipitishe kwenye skana kwa doti 600 kwa inchi. Piga na mgongo wake, kwani mhuri wa studio na mwandiko ni ushahidi. Ukiandika nyuma, tumia penseli. Wino wa kalamu hupenya. Picha halisi irudishe kwa mwenyewe siku ile ile. Klabu ikishajulikana kwa kukopa na kutorudisha, milango hufungwa.

Hatua ya 5: Hakiki

Nenda Nyaraka za Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukasome Uhuru, Mzalendo, Ngurumo. Tafuta kwa majina ya wakati huo. Ukiitafuta Simba kwenye gazeti la 1966 hutaiona, kwa sababu hadi 1971 iliitwa Sunderland. Gazeti likisema "jana", rudisha tarehe siku moja nyuma.

Jihadhari na neno "ubingwa". Zamani tulikuwa na bingwa wa Bara peke yake, na bingwa wa Muungano, yaani Bara na Zanzibar pamoja. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walichukua wa Bara, Maji Maji ya Songea wakachukua wa Muungano. Wazee wa Tukuyu na wa Songea wakibishana, wote wanasema kweli. Simulizi na gazeti vikipingana, andika vyote viwili na chanzo cha kila kimoja.

Hatua ya 6: Hifadhi

Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au mji mwingine kabisa. Faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Jezi za zamani zifungie kwenye shuka jeupe la pamba, mbali na ukuta na mchwa. Mfuko wa plastiki huzitia ukungu.

Hatua ya 7: Waenzini wangali hai

Mwalike mzee kwenye mechi, mfuateni nyumbani, mpeni kiti cha kivulini. Mtangazaji asiseme "mzee wetu". Asome mstari kutoka daftari lenu: jina, nafasi, miaka, na mechi moja aliyong'ara. Familia ipewe picha yenye fremu.

Kustaafisha namba ya jezi, yaani isivaliwe tena na mwingine, sikushauri kwa vikosi vya zamani. Wakati ule namba ilifuata nafasi, hivyo mtu alivaa 7 leo na 11 wiki ijayo. Jina lake kwenye kombe la vijana au jukwaa linamfaa zaidi.

Kila Desemba tunabandika orodha nzima ya majina ukutani klabuni, na penseli imefungwa kamba pembeni. Mwaka jana tulirudishiwa masahihisho saba, mawili kwa mwandiko wa wajukuu.