SOMO: Programu za kutoa nyimbo kwenye CD, kuzibadili na kuchoma CD mpya

Wakuu, kazi ziko tatu: kutoa nyimbo kwenye CD, kuzigeuza ziwe aina nyingine ya faili, na kuchoma CD mpya. Zipo programu zinazojinadi kufanya zote. Mimi huchagua kwa kuangalia kazi ya kwanza, maana hapo ndipo wimbo huharibika. Hizo nyingine mbili hata programu ya kawaida inazimudu.

Hatua ya 1: Usikopi. Ukifungua CD ya muziki kwenye Windows utaona Track01.cda, Track02.cda na kuendelea. Watu huzihamishia kwenye flashi, kisha wanashangaa hazilii. Kila faili hapo ina baiti 44 tu, inaonyesha wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Muziki wenyewe haumo.

Hatua ya 2: Tazama hali ya diski. Kama ni safi, chukua fre:ac. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inatoa na kugeuza kwa mkupuo mmoja.

Kama imechubuka, au ni albamu ambayo huipati tena dukani, tumia Exact Audio Copy (EAC) ya Windows, nayo ya bure. Ukiiweka kwenye hali ya usomaji salama, inasoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha, yasipolingana, inarudia. Kisha, kupitia AccurateRip (hifadhidata ya mtandaoni), inalinganisha matokeo yako na ya watu wengine waliotoa CD hiyohiyo. Ni ya polepole, na siku ya kwanza itakuuliza maswali mengi kama afisa uhamiaji. Mvumilie.

Hatua ya 3: Aina ya faili. Sauti ya CD ina sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, kushoto na kulia. Dakika moja ni kama MB 10. FLAC hupunguza ukubwa huo, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kupoteza chochote. MP3 hupunguza zaidi, ila inatupa sehemu ya sauti. Hifadhi FLAC kama nakala mama, halafu kutoka hapo tengeneza MP3 za simu. Majina ya nyimbo programu huyatafuta intaneti. Kwa albamu zetu za zamani jiandae kuandika mwenyewe.

Hatua ya 4: Kuchoma. Windows: CDBurnerXP. Linux: K3b. Shusha kwenye tovuti ya mwenye programu, na usibonyeze "Next" kwa pupa, maana baadhi ya programu za bure huja na wageni, yaani programu nyingine usizoziomba. Kwa taarabu iliyorekodiwa jukwaani, ondoa ule ukimya wa sekunde 2 kati ya nyimbo, la sivyo makofi yatakatika katikati.

MASWALI

Mkuu, nina MP3 za kbps 128 (kilobiti kwa sekunde). Nikizigeuza FLAC zitakuwa safi?
Hapana. Kilichotupwa hakirudi. Utapata faili kubwa yenye sauti ileile.

Kaka, CD niliyochoma inalia kwenye laptop, redio ya gari inaikataa.
Huenda umechoma faili za MP3 kama data. Redio nyingi za zamani hazizijui. Choma upya kwa kuchagua "Audio CD"; zitaingia dakika 80 tu, wakati CD ya data hubeba zaidi ya saa 8 za MP3 za kbps 192. Pia tumia CD-R, si CD-RW, na hakikisha diski imefungwa mwishoni ("finalize").

Laptop yangu haina sehemu ya CD. Nifanyeje, mkuu?
Nunua kisomaji cha nje cha DVD kinachochomekwa USB. CD kinasoma na kuchoma pia. Kikikwamakwama, kichomeke moja kwa moja kwenye laptop, usikipitishe kwenye habu (kigawanyaji cha USB), kwa sababu umeme huwa hautoshi.