SOMO: Kupanga tarehe kwenye Microsoft Access bila kuharibu kumbukumbu zako

Salamu wakuu. Somo hili limeombwa sana, hasa na wadau wanaotunza kumbukumbu za SACCOS, shule na zahanati kwenye Access, programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye majedwali. Nitatumia jedwali la mikopo la SACCOS kama mfano, kwa sababu hapo tarehe ikikosewa kuna mtu atatozwa faini isiyo yake. Majina ya menyu nayaandika kama yalivyo kwenye skrini ili usipotee njiani.

Kwanza ushike jambo moja, maana mengine yote yanatokana nalo. Access haihifadhi tarehe kama unavyoiona. Inahifadhi namba: idadi ya siku tangu 30 Desemba 1899. Tarehe 15 Machi 2023 ndani ya Access ni 45000. Saa sita mchana ya siku hiyohiyo ni 45000.5, kwa kuwa nusu ya siku imeshapita. Ukibadilisha fomati, namba inabaki ileile na kinachobadilika ni sura tu. Ndiyo maana Access inaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine na kukupa siku za ucheleweshaji. Na ndiyo maana tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi haifai kwa hesabu.

Hatua ya 1: Aina ya data

Bofya jedwali kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Design View. Kwenye fildi (safu moja ya jedwali) ya TareheMkopo, safu ya Data Type, weka Date/Time. Matoleo mapya yana pia Date/Time Extended. Iache, isipokuwa data yako inatoka SQL Server (programu nyingine ya Microsoft ya kutunza data) na una sababu maalumu.

Kama fildi ilikuwa Short Text (maandishi) na tayari ina rekodi, tengeneza nakala ya faili zima kwanza. Access ikikutana na kitu isichoweza kukigeuza kuwa tarehe, mfano "mwezi wa tatu" au "31/02/2023", inakupa onyo kisha inakifuta. Ukishabonyeza Yes na kuhifadhi, umekipoteza.

Hatua ya 2: Format

Ukiwa bado hapo, shuka chini kwenye kichupo cha General, mstari wa Format. Kuna orodha ya tayari: General Date, Long Date, Medium Date, Short Date na zile za saa. Hizi zinafuata mipangilio ya Windows, kwa hiyo faili lilelile litaonekana tofauti kwenye kompyuta ya mhasibu na ya katibu. Mimi nashauri uandike fomati yako mwenyewe:

dd/mm/yyyy inatoa 05/03/2024
dd-mmm-yyyy inatoa 05-Mar-2024
dddd, dd mmmm yyyy inatoa jina la siku, tarehe, jina zima la mwezi na mwaka

Kwa ripoti inayokwenda kwa wanachama au kwa mkaguzi, tumia dd-mmm-yyyy. Mwezi ukiwa na jina, hakuna wa kubishana kama 05/03 ni Machi au Mei.

Angalizo kuhusu dakika: herufi yake salama ni n, kwa kuwa m ni ya mwezi. Saa na dakika andika hh:nn.

Hatua ya 3: Mipangilio ya Windows

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Format inaamua tarehe ionekaneje. Haiamui Access ielewe vipi kile unachoandika. Hilo linaamuliwa na Windows. Kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Sasa tazama kinachotokea kwenye kompyuta ya namna hiyo, fildi yako ikiwa na dd/mm/yyyy:

Unaandika 05/03/2024 ukimaanisha tarehe tano Machi. Windows inasoma mwezi wa tano, siku ya tatu. Access inahifadhi tarehe tatu Mei. Kisha, kwa kutii fomati yako, inakuonyesha 03/05/2024. Tarakimu zimegeuka mbele ya macho yako, na mtu mwenye haraka hataona.

Unaandika 25/03/2024. Hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo Access inaamua yenyewe kwamba 25 ni siku. Inahifadhi sawasawa na haisemi kitu.

Matokeo yake, rekodi za kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi ziko sahihi, na za tarehe 1 hadi 12 zimegeuzwa, isipokuwa pale siku na mwezi vinapolingana, kama 04/04. Ukikuta jedwali lenye mikopo ya miezi ambayo ofisi haikutoa mkopo wowote, na siku zake zote ni 12 kushuka chini, anza kuchunguza hapo.

Dawa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, bonyeza Enter. Kwenye Format chagua Kiswahili (Tanzania), Kiswahili (Kenya) au English (United Kingdom), na uhakikishe Short date ni dd/MM/yyyy. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta inayoingiza data. Funga Access na uifungue upya.

Hatua ya 4: Kuzuia makosa mlangoni

Rudi Design View. Kwenye Default Value andika =Date() ili tarehe ya leo ijijaze. Usiweke =Now(), inayojaza tarehe pamoja na saa, kama huhitaji saa; sababu utaiona kwenye maswali. Kwenye Validation Rule (sharti la kukubali data) andika <=Date() kwa tarehe zisizoweza kuwa za mbele, kama za kuzaliwa. Kwenye Validation Text andika ujumbe anaouelewa karani: "Tarehe hii bado haijafika, angalia tena."

Input Mask (kiolezo cha kuandikia) ya 00/00/0000;0;_ inamlazimisha mtu kuandika tarakimu zote nane, lakini ukiiweka, kikalenda kidogo cha kuchagulia tarehe hakitokei. Kama anayeingiza data ni mzoefu wa kibodi, weka mask. Kama ni mgeni, mwachie kikalenda.

Hatua ya 5: Fomu na ripoti

Fomu mpya inarithi fomati ya jedwali. Fomu iliyokuwepo kabla hairithi yenyewe. Ukibadilisha Format kwenye jedwali, pembeni hutokea alama ndogo yenye pendekezo la kusambaza mabadiliko kote fildi inapotumika, ibonyeze. Ukichelewa, ingia Property Sheet (orodha ya sifa) ya kila kisanduku ubadilishe kwa mkono. Ukiona ######## badala ya tarehe, tanua kisanduku. Data haina shida.

Hatua ya 6: Kweri (query, swali unaloiuliza data yako)

Tarehe kwenye SQL, lugha ya kuandikia kweri, huzungushiwa alama ya #. Hapo Access haijali Windows yako: #05/03/2024# ni tarehe tatu Mei, popote ulipo. Zoea kuanza na mwaka:

WHERE TareheMkopo >= #2024-03-01# AND TareheMkopo < #2024-04-01#

Kwa wanaoandika VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access), igeuze kabla ya kuiunganisha na SQL: Format(Me.txtTarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#").

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Nina orodha ya wanafunzi kutoka Excel, tarehe za kuzaliwa zimeingia kama maandishi, mfano 05.03.2009. Nifanyeje bila kuandika upya?

Jibu: Mwalimu, usibadilishe aina ya fildi hiyo moja kwa moja. Ongeza fildi mpya ya Date/Time, iite Kuzaliwa. Tengeneza Update Query (kweri inayobadilisha rekodi nyingi kwa mpigo), na kwenye Update To weka hii, [Zamani] ikiwa jina la fildi ya maandishi:

DateSerial(Right([Zamani],4), Mid([Zamani],4,2), Left([Zamani],2))

Wewe ndiye unayesema mwaka ni upi, mwezi upi na siku ipi, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Inahitaji kila rekodi iwe na tarakimu mbili, nukta, mbili, nukta, nne. Zenye 5.3.2009 zirekebishe kwanza. Fildi ya zamani ifute ukishalinganisha rekodi kadhaa na fomu za karatasi.

Swali: Ripoti yangu inapanga miezi Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Nimejaribu kila kitu.

Jibu: Umepanga kwa matokeo ya Format([TareheMkopo],"mmmm"). Format() ya kwenye kweri hutoa maandishi, na maandishi hupangwa kwa alfabeti. Ni tofauti na ile Format ya Hatua ya 2, ambayo haigusi thamani. Onyesha jina la mwezi ukitaka, ila panga kwa Format([TareheMkopo],"yyyymm").

Swali: Kwenye kweri natumia Between tarehe 1 na tarehe 31 Machi. Baadhi ya malipo ya tarehe 31 hayatokei. Pesa ipo kwenye droo, kwenye ripoti haipo.

Jibu: Fildi yako ina =Now(), ndugu yangu. Malipo ya tarehe 31 saa nne asubuhi yamehifadhiwa na sehemu ya desimali, na kikomo chako kinaishia mwanzo kabisa wa tarehe 31. Yanayotokea ni yale yaliyoingizwa bila saa. Tumia mtindo wa Hatua ya 6: kubwa au sawa na tarehe 1 Machi, ndogo kuliko tarehe 1 Aprili.

Swali: Mzee aliyezaliwa mwaka 1928, karani ameandika 12/07/28 na Access imeweka 2028.

Jibu: Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, Access inakisia karne yenyewe, na namba ndogo kama 28 inaichukulia kuwa ya miaka ya 2000. Weka ile Input Mask ya tarakimu nne za mwaka, na Validation Rule ya <=Date() iwe nyuma yake.

Swali: Zahanati yetu inaandika saa kwa Kiswahili. Inawezekana Access ionyeshe saa moja badala ya 7:00?

Jibu: Fomati ya hivyo haipo, ila hesabu yake ni fupi. Hifadhi muda wa kawaida kama Date/Time, kisha kwenye kweri au ripoti ongeza safu hii:

SaaKiswahili: (Hour([Muda])+5) Mod 12 + 1

Saa 7 inatoa 1, saa 13 inatoa 7, saa 19 inatoa 1, saa 0 inatoa 6. Dakika zichukue kwa Minute([Muda]). Kwa kuwa saa moja ya asubuhi na ya usiku zinatoa namba moja, ongeza safu ya pili inayoandika kipindi:

Kipindi: Switch(Hour([Muda])<4,"usiku", Hour([Muda])<6,"alfajiri", Hour([Muda])<12,"asubuhi", Hour([Muda])<16,"mchana", Hour([Muda])<19,"jioni", True,"usiku")

Mipaka ya vipindi rekebisheni kulingana na zamu zenu. Mkihesabu muda mgonjwa aliosubiri, tumieni fildi ya Muda yenyewe, msiguse safu hizi mbili.