Gari halivuti: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Malalamiko huja kwa maneno yale yale: gari linawaka bila shida, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, taa ya injini pengine haijawaka, lakini ukifika mlimani na kukanyaga mafuta hadi chini, linaunguruma tu bila kuongeza mwendo. Mfano wa somo hili ni injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, iliyomo katika Toyota IST nyingi za toleo la kwanza, ingawa utaratibu wenyewe unafaa kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba kosa ni la injini. Endesha kilomita kumi hivi bila kutumia breki sana, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo imeshika, na hakuna plagi itakayokusaidia. Ukiona mshale wa mizunguko unapanda ilhali mwendo hauongezeki, shuku giaboksi au klachi.

Hatua ya pili ni kusoma kompyuta ya gari kwa kifaa cha uchunguzi. Kodi, yaani namba ya kosa inayotolewa na kompyuta, si jina la spea. P0171, kwa mfano, inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta, lakini wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa sahihi. Kodi za P0301 hadi P0304 huonyesha silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta ipasavyo, kwa tarakimu ya mwisho: hamishia koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda hiyo kwenye silinda jirani, futa kodi, endesha tena. Kodi ikihama pamoja na koili, koili ni mbovu. Ikibaki pale pale, kagua plagi, noozeli inayonyunyiza petroli na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Hatua ya tatu ndiyo ninayowaomba mwisome polepole, kwa kuwa hutenganisha magonjwa yanayofanana. Kompyuta hulenga uzito wa hewa 14.7 kwa 1 ya petroli, na inapoona mchanganyiko umekosa mafuta huongeza, kisha huonyesha nyongeza hiyo kwa asilimia. Nyongeza ya muda mrefu ikizidi asilimia 10 wakati wa silensa, halafu ikashuka injini inapofikishwa mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, yaani bila kupimwa na sensa ya hewa, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikiwa ni nzuri kwenye silensa lakini inapanda gari linapobeba mzigo au kupanda mlima, ama sensa ya hewa ni chafu na inahesabu hewa pungufu, ama mafuta hayafiki ya kutosha.

Matatizo hayo mawili hutenganishwa kwa geji ya presha ya mafuta. Katika 1NZ-FE, presha inatakiwa kuwa kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50 hivi, na ni lazima isishuke unapokanyaga mafuta. Ikishuka, shuku pampu au chujio lililo ndani ya tangi. Presha ikiwa nzuri, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu bila kugusa waya wake, na ubadilishe eakilina (chujio la hewa) kama imeziba. Mimi mwenyewe niliwahi kumbadilishia mteja plagi zote na kumsafishia noozeli kabla ya kupima presha. Chujio la tangi lilikuwa limejaa uchafu, na fedha yake ya kwanza ilikuwa imekwenda bure.

Baada ya hapo hubaki njia ya moshi, kompresheni, na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali za injini kwa nguvu ya oili, ambao huathirika sana oili ikiachwa hadi ikawa tope. Oili chafu huziba kichujio kidogo cha vali inayouongoza mfumo huo. Kifungue na kukisafisha kabla ya kununua vali mpya.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. IST yangu ni ya 2003 na kifaa nilichonunua hakiisomi kabisa. Je, kompyuta imekufa?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Magari kadhaa ya miaka hiyo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia lugha ambayo vifaa vya bei nafuu haviielewi. Kama gari linawaka na kuendeshwa, kompyuta inafanya kazi. Tafuta mashine inayosoma Toyota za Japani.

Swali: Gari langu lina nguvu Dar es Salaam, lakini nikifika Mbeya linakuwa zito. Nianzie wapi?

Jibu: Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kama nguvu hurudi ukishuka pwani, ndugu yangu, usifungue chochote.

Swali: Fundi wangu anasema masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) yameziba na anataka kuyatoa. Nimkubalie?

Jibu: Apime kwanza. Afungue sensa ya oksijeni ya mbele, afunge geji mahali pake, na ashikilie mizunguko 2,500. Presha ikizidi psi 3, kweli pameziba. Kisha mwulize ni nini kilichoyaziba. Silinda inayomisi hutupa petroli ambayo haijaungua, nayo huungulia ndani ya masega hadi yakayeyuka, kwa hiyo ukifunga mapya bila kutibu misi hiyo, mtaonana tena baada ya muda mfupi.