Nairobi–New York: usidanganywe na saa za tiketi

Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, ni takriban kilomita 11,850 kwa njia ya mkato angani. Tiketi ikisema unaondoka 23:55 na kutua 06:55, hizo si saa saba: kila saa ni ya mji husika. Ongeza tofauti ya saa 8 (kati ya Machi na Novemba ni 7, Wamarekani wakisogeza saa mbele) upate 15. Kurudi hupungua kama saa moja, kwa kuwa upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Na 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Anayekupokea asije saa sita!