Kuchagua kifaa cha kukatia maganda ya risasi za bunduki

Kabla ya kununua chochote hapa Dar es Salaam, uliza polisi kuhusu kibali. Silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na usidhani leseni ya bunduki inatosha kukuruhusu kujaza risasi nyumbani.

Ganda hurefuka kila linapofyatuliwa na kurudishwa umbo, yaani kubanwa tena liwe la saizi yake ili lijazwe upya. Ganda la risasi ya .375 H&H (ya kuwindia wanyama wakubwa) lisizidi urefu wa milimita 72.39, likatwe hadi 72.14. La risasi ya .308 lisizidi 51.18, likatwe hadi 50.93. Likizidi, mdomo wake hujisukumiza kwenye ncha ya mbele ya chemba (tundu la bunduki linamokaa risasi), hubana kichwa cha risasi kisitoke kwa urahisi, na shinikizo hupanda hadi kuhatarisha uso wako. Pima kwa vernia (kipimio cha urefu chenye taya mbili) baada ya kurudisha umbo, kamwe si kabla.

Kwa anayejaza maganda 20 au 50 na ana bunduki za aina mbili tatu, cha mkono chenye umbo la mashine ya kukerezea ndicho bora: unabadilisha pini ya kuongoza shingo ya ganda. Hakikisha kinashika kitako cha ganda bila kucheza, la sivyo urefu utatofautiana. Cha kufungwa kwenye drili mara nyingi huegemea bega la ganda (pale linapopungua kuelekea shingo) na ni cha haraka, lakini vingi hutumika kwa aina moja tu ya risasi.

Ukishakata, ondoa kingo kali ndani na nje ya mdomo. Kisu cha kifaa kipake mafuta. Hewa ya bahari hukitia kutu upesi.