SOMO: Kubadili shokapu na springi za Altezza (soma kabla hujaniuliza)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kushusha Altezza, na wote wanne fundi kawaambia wakate springi. Msikate. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Gari ni Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE. Ina amu (mkono wa chuma unaoshika tairi) ya juu na ya chini kila tairi, kwa hiyo mwenye Subaru, yenye muundo mwingine, asifuate hatua hizi moja kwa moja.

Kabla ya kununua chochote kagua bushi (mpira wenye bomba la chuma kwenye maungio ya amu na shokapu) na boljointi (kiungo kinachozunguka mwishoni mwa amu). Shokapu ngumu juu ya bushi zilizokufa inakupa gari linalogongagonga kila shimo, na kwenye kona linabaki lilelile. Springi za kushusha milimita 20 hadi 25 zinatosha. Huku Ipuli, Tabora, ukiacha lami ni mchanga na mizizi ya miembe. Aliyeshusha 50 tunamsikia akikwangua kabla hatujamwona.

1. Gari likiwa chini, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda. Andika. Utaihitaji namba hii hatua ya 6.

2. Legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi. Jeki peke yake si stendi.

3. Fungua linki ya stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona), boliti ya chini ya shokapu, kisha nati za juu.

4. Bana springi kwa vibanio viwili vinavyotazamana ndipo uguse nati ya katikati, ile ya juu ya rodi ya shokapu. Springi ikifyatuka inaua.

5. Unganisha mpya, rudisha mahali pake. Nati ya katikati usiikaze kwa mashine ya upepo. Rodi ikizunguka kwa kasi inaharibu sili.

6. Hapa ndipo nilipochemka. Mara ya kwanza nilikaza kila boliti tairi zikining'inia, nikajisifu kwa usafi wa kazi. Gari lilipotua, mbele ilisimama juu kuliko nilivyotarajia, nikamlaumu aliyeniuzia springi. Miezi miwili baadaye likaanza kulia kama kitanda cha chuma kila tuta, na bushi zilikuwa zimechanika. Bushi mpya! Boliti inayopita kwenye bushi (jicho la chini la shokapu, amu zote) ishike tu kwanza, usikaze. Weka jeki chini ya amu, inua hadi kipimo chako cha hatua ya 1 ukitoa milimita ulizoshusha, ndipo ukaze. Hata kama hukugusa amu, zilegeze na uzikaze upya, kwa sababu gari sasa linasimama chini zaidi. Boliti zenye kisahani cha kurekebishia alaimenti (mkao wa tairi) zipige alama ya rangi kwanza, uzirudishe palepale.

7. Alaimenti. Mimi huenda Mwanza.

MASWALI

Mdau, Kaliua: Mkuu, nikikata koili moja si inashuka vilevile?
– Soma mstari wa kwanza.

Mdau, Kaliua: Nimeuliza tu, mbona mkali?
– Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na tairi ikining'inia inaweza kuhama. Mimi sipandi gari hilo.

Mdau, Sikonge: Inafaa kwenye Noah?
– Kichwa kinasema Altezza.

Dada wa Kitete: Kaka, kwa nini bushi ijali imekazwa wapi? Si mpira tu?
– Swali zuri, dada. Mpira umeshikana na bomba la chuma la ndani. Ukikaza boliti, bomba halizunguki tena. Amu ikipanda au kushuka, unaojikunja ni mpira. Pale ulipokaza ndipo unapopumzika. Ukikaza tairi ikining'inia, gari likisimama tu mpira umeshajikunja, na kila tuta unaukunja zaidi.

Dada wa Kitete: Asante. Na stabilaiza nene ya nyuma vipi?
– Pole pole. Chuma kilichojaa, umbo lilelile, ukitoka milimita 20 kwenda 22 ugumu unapanda karibu asilimia 46. Milimita mbili tu! Na gari hili linasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo nyuma ikizidi ugumu mkia unatoka kwenye kona, hasa mvua ya kwanza ikikuta vumbi kwenye lami. Mimi nilibadili ya mbele na nyuma pamoja.

Mzee wa Cheyo: Kijana, boliti ya chini yangu imegandia, nimevunja spana.
– Shikamoo mzee. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi, mimina mafuta ya kulegezea kutu jioni, rudia asubuhi. Isipokubali, ipashe moto nati, lakini ukishapasha moto hesabu bushi ya hapo imekwenda, na boliti weka mpya.

Mzee wa Cheyo: Marahaba. Mimi hupaka grisi nyuzi zote ninapofunga.
– Hiyo mzee nakataa kidogo. Ukikaza kwa spana ya kipimo, grisi inadanganya kipimo na boliti inavutika kupita kiasi. Mimi grisi napaka kule bomba la bushi linapopita tu.

Mdau, Urambo: Bei ya vyote shilingi ngapi?
– Inategemea unanunua shokapu au unanunua rangi ya shokapu.